Kutoka Riwaya hadi Chumba cha Mahakama: Uhakiki wa To Kill a Mockingbird Inavyoigizwa na Wakazi wa Monroeville, Alabama

Utangulizi

Riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, ilichapishwa mwaka 1960, ikatunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na mwaka 1962 ikafanywa filamu ambamo Gregory Peck aliigiza nafasi ya wakili Atticus Finch. Nakala zilizouzwa zinakadiriwa kuzidi milioni 40, na kwa miongo kadhaa riwaya hiyo imekuwa kitabu cha kiada katika shule nyingi za Marekani. Wahakiki wameichambua riwaya yenyewe mno, na filamu nayo imepata haki yake. Tamthiliya iliyozaliwa na riwaya hiyo, iliyohawilishwa na Christopher Sergel na kuchapishwa mwaka 1970, haikubahatika hivyo. Huenda sababu ni kwamba ilikusudiwa shule na vikundi vya waigizaji wasiolipwa, nasi wahakiki tuna mazoea mabaya ya kudhani kwamba sanaa isiyo na mshahara haina cha kuchambuliwa.

Uhakiki huu unaichunguza tamthiliya hiyo mahali ambapo uigizaji wake una sura ya pekee, yaani Monroeville, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Alabama. Huko ndiko alikozaliwa Lee mwaka 1926, na mji wa kubuni wa Maycomb ulichorwa kwa kufuata sura yake. Tangu mwaka 1990 wakazi wa mji huo wamekuwa wakiitoa tamthiliya ya Sergel jukwaani karibu kila mwaka, katika majira ya kuchipua. Sehemu ya kwanza huigizwa nje, katika uwanja wa mahakama ya zamani ya kaunti. Baada ya mapumziko hadhira huingia ndani ya jengo, na kesi ya Tom Robinson husikilizwa katika chumba kilekile ambamo kesi za kweli zilisikilizwa kwa miaka mingi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nguvu ya onyesho la Monroeville hutokana na jengo na watu wake kuliko inavyotokana na matini, na kwamba udhaifu wake mkubwa huchipuka mahali hapohapo. Mji unaoigiza hatia yake kila mwaka unaweza kuwa unajihukumu. Unaweza pia kuwa unajisafisha. Ni lipi kati ya haya linalotendeka ni suala ambalo haliwezi kuamuliwa kwa kusoma matini pekee.

Maana mbili za maonyesho ya jamii

Istilahi "maonyesho ya jamii" hubeba maana mbili zisizofanana, na msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kupotoshwa asipozitenganisha. Nchini Marekani hutumika kwa vikundi vya wakazi wa mahali fulani, wakiwamo walimu, wenye maduka, mawakili na wastaafu, wanaoigiza bila malipo matini zilizoandikwa na watu wengine. Katika taaluma yetu, hasa kutokana na kazi za Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama ule mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, istilahi hiyo inahusishwa na mchakato mrefu zaidi. Wanakijiji huchunguza tatizo lao, hulijadili, hulitungia igizo kwa kutumia ngoma na fani nyingine walizozizoea, kisha hujadiliana kuhusu hatua za kuchukua. Katika maana ya kwanza jamii ni waigizaji. Katika maana ya pili jamii ni watunzi na waamuzi pia.

Onyesho la Monroeville linakaa katikati, na hilo ndilo linalolifanya listahili kuhakikiwa. Matini yake ilichapishwa na kampuni ya mbali, lakini jambo linaloigizwa ni la mji wenyewe: mtaa wake, mahakama yake, ubaguzi wake. Waigizaji hawalazimiki kujifunza lafudhi ya wahusika, kwa kuwa ndiyo lafudhi waliyokua nayo.

Sauti ya mtoto na kilichopotea njiani

Riwaya ya Lee inasimuliwa katika nafsi ya kwanza na Jean Louise Finch, maarufu kwa jina la Scout. Msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka, ila macho anayotuazima ni ya mtoto aliye kati ya miaka sita na tisa. Kejeli yote ya riwaya imejengwa juu ya pengo hili. Scout huona tukio na kulieleza kwa uaminifu wa kitoto bila kulielewa. Msomaji hulielewa kabla yake, na pengine huona haya kwa sababu amelielewa.

Mfano mzuri ni usiku ambao Atticus anaketi mbele ya jela kumlinda Tom Robinson, kundi la wanaume linapokuja kumtoa mfungwa ili limuue. Scout anapenya katikati yao, anamtambua Bwana Cunningham, anamsalimu, anamwuliza habari za mwanawe ambaye ni mwanafunzi mwenzake, na kwa adabu tu anazungumzia matatizo ya kisheria ya shamba lake. Kundi linatawanyika. Mtoto hajui alichokifanya. Katika riwaya tunayasikia mawazo yake, hofu ya kuwa amekosea adabu, na hofu hiyo ndogo inaifanya hofu kubwa iliyopo pale ionekane zaidi.

Jukwaa halina nafasi ya mawazo ya namna hii. Sergel alilitatua tatizo hilo kwa kumgawa msimulizi mara mbili: yupo Scout mtoto anayetenda, na yupo Jean Louise mtu mzima anayesimama kando na kuieleza hadhira. Kiufundi mbinu hii ni rahisi na inafaa kwa vikundi visivyo na mitambo. Kisanaa gharama yake ni kubwa. Kile ambacho msomaji alikusudiwa akikusanye mwenyewe kutoka katika kutoelewa kwa mtoto, mtazamaji anaelezwa. Mtu mzima aliye jukwaani anajua tayari mwisho wa hadithi, na ujuzi wake unaipoza kejeli. Haitoshi kusema, kama watetezi wa uhawilishaji wasemavyo mara kwa mara, kwamba kila utanzu una njia zake. Ni kweli una njia zake. Swali ni kama mhawilishaji alizitafuta.

Hata hivyo onyesho la jela lenyewe linasalimika, na sababu yake ni miili. Msichana mdogo akisimama katikati ya wanaume waliokomaa, mbele ya watu wanaowajua wanaume hao kwa majina yao halisi, hahitaji mtu wa kumfafanulia. Hapa maonyesho ya jamii yana faida ambayo kampuni ya kulipwa haiwezi kuinunua. Mtazamaji wa Monroeville anaweza kumtambua jirani yake, mtu mpole aliyemsalimu asubuhi, akiwa miongoni mwa kundi la wauaji. Linda Hutcheon angeliita jambo hili raha ya kutambua kazi moja ndani ya nyingine. Mimi naona kinachotambuliwa hapa ni mtu, na raha haipo.

Hasara nyingine ni ya muda. Riwaya inachukua takriban miaka mitatu, kuanzia kiangazi cha mwaka 1933 hadi mwishoni mwa Oktoba 1935. Tamthiliya imeibana miaka hiyo ndani ya mwaka 1935 peke yake. Kukua kwa watoto, ambako ndiko uti wa mgongo wa riwaya, kunageuka kuwa mshtuko wa msimu mmoja. Mtu anaweza kuusamehe ubanaji huo, kwa kuwa mtoto anayeigiza hawezi kukua mbele yetu katika saa mbili.

Lisilosameheka kirahisi ni watu walioachwa. Shangazi Alexandra hayumo katika tamthiliya ya Sergel, na pamoja naye yamekwenda maringo ya ukoo, chai ya akina mama wa kanisa wanaowalilia Waafrika wa mbali huku wakiwanung'unikia watumishi Weusi walio jikoni mwao, na kwa jumla ubaguzi wa watu wenye heshima zao. Haimo pia ziara ya watoto katika kanisa la Calpurnia, mahali pekee katika riwaya ambapo jamii ya Weusi inaonekana ikiwa kwake, ikiimba, ikichanga fedha, na ikigombana. Katika ziara hiyo yumo mwanamke aitwaye Lula, anayehoji waziwazi kwa nini Calpurnia amewaleta watoto wa Kizungu katika kanisa lao. Lula anazungumza kidogo sana. Lakini ndiye mhusika Mweusi pekee asiyewapokea akina Finch kwa shukrani, na kuondolewa kwake kunaibadili picha yote. Ubaguzi unaobaki jukwaani ni ule wa Bob Ewell, maskini, mlevi, asiyeoga. Hadhira inapewa mtu wa kuchukiwa ambaye hakuna hata mmoja wao anayejifananisha naye.

Jengo, roshani na viti vya juri

Mahakama ya zamani ya Monroeville ilijengwa mwaka 1903 na ikaacha kutumika kama mahakama mwaka 1963. Sasa ni jumba la makumbusho. Baba yake Lee, Amasa Coleman Lee, mwanasheria, mhariri wa gazeti na mbunge wa jimbo, alifanya kazi humo. Mwaka 1919 aliwatetea watu Weusi wawili, baba na mwanawe, walioshtakiwa kwa mauaji. Wote wawili walinyongwa. Mwaka 1934 mtu mwingine Mweusi wa kaunti hiyo, Walter Lett, alihukumiwa kifo kwa madai ya kumbaka mwanamke wa Kizungu. Adhabu yake ilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akarukwa na akili, akafa kizuizini mwaka 1937. Wakati filamu ilipotayarishwa, msanifu wa mandhari Henry Bumstead alikuja kukipima chumba hicho na kukijenga upya huko Hollywood. Kwa hiyo mgeni anayeingia humo leo anakitambua chumba asichowahi kukiona, kwa kuwa alikwisha kuiona nakala yake katika filamu.

Roshani iliyopinda inazunguka juu ya chumba. Katika riwaya, watoto wa Finch wanakosa nafasi chini na kuketi roshani pamoja na Mchungaji Sykes na Weusi wengine, na msomaji huitazama kesi yote kutoka huko. Mkao huu ni uamuzi wa kimaadili wa mwandishi: tunaangalia haki ya Wazungu kutoka juu, tukiwa miongoni mwa wale inaowakandamiza. Katika onyesho, mtazamaji aliyepata kiti cha chini amewekwa mahali pa Wazungu wa Maycomb. Hakuombwa ridhaa, na wala hakuna tamko lolote katika matini linalomwambia hivyo. Kiti chenyewe kinamwambia.

Kilele cha mkao huu ni juri. Kwa wasomaji wa Tanzania, ambako wazee wa baraza hutoa maoni yasiyomfunga jaji, inafaa kukumbusha kwamba juri ya Marekani ni raia 12 wa kawaida ambao wao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Huko Monroeville, wakati wa mapumziko, juri hiyo huchaguliwa kutoka miongoni mwa watazamaji, na wanaochaguliwa ni wanaume Wazungu peke yao. Mtu aliyekuja na tikiti yake anajikuta ameketi mbele ya wenzake wote, anamsikiliza Atticus akimsihi yeye binafsi, kisha anatoka na kurudi kutamka kwamba Tom Robinson ana hatia.

Ubaguzi huu wa uteuzi ni sahihi kihistoria. Wanawake wa Alabama walizuiwa kuwa wajumbe wa juri hadi mwaka 1966, mahakama ya shirikisho ilipoibatilisha sheria hiyo, na kwa kuwa jengo hili liliacha kuwa mahakama miaka mitatu kabla ya hapo, hakuna mwanamke aliyepata kuvikalia viti vile kisheria. Kuhusu Weusi mambo yanavutia zaidi. Mwezi Aprili 1935, katika rufaa ya Norris dhidi ya Alabama iliyotokana na kesi za vijana wa Scottsboro, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga Weusi kwa utaratibu katika uteuzi wa juri ni kinyume cha katiba. Tom Robinson anahukumiwa katika kiangazi cha mwaka huohuo. Yaani juri ya Maycomb, na ile inayoigizwa kila mwaka Monroeville, ilikuwa tayari ni haramu mbele ya sheria ya nchi siku ilipoketi. Atticus, mwanasheria hodari, halitaji jambo hilo mahakamani. Matini ya Sergel nayo imenyamaza.

Je, kumwita mtazamaji kwenye juri ni ushirikishwaji? Augusto Boal wa Brazili alitaka mtazamaji apande jukwaani na kuugeuza mkondo wa igizo, aone kwa mwili wake kwamba mambo yangeweza kuwa vingine. Hapa mtazamaji anapanda jukwaani ili athibitishe kwamba hayawezi kuwa vingine. Uamuzi umeandikwa. Mjumbe wa juri anayeamini kwamba Tom hana kosa, na bila shaka wote 12 wanaamini hivyo, lazima atamke kinyume cha imani yake. Kuna wanaoliona jambo hili kuwa kasoro. Kwa maoni yangu ndilo tendo lenye nguvu kuliko yote katika onyesho zima, kwa sababu linamfundisha mtu jinsi inavyokuwa kutamka uongo wa pamoja ambao kila mmoja ameukuta tayari umeandaliwa. Riwaya haiwezi kulifanya hilo. Filamu pia haiwezi.

Tatizo ni kwamba tendo hili limezungukwa na matini inayolipunguza makali. Mara tu baada ya hukumu, Weusi walioko roshani wanasimama kumheshimu Atticus anapotoka. Katika riwaya tukio hili lina uchungu, maana Scout anaamriwa kusimama na hajui sababu. Katika chumba cha Monroeville linageuka kuwa maelekezo kwa hadhira: huyu ndiye wa kutazamwa. Tom Robinson, aliyetoka kuhukumiwa kifo, amekwisha kutoka machoni petu. Hadhira iliyokuwa imebanwa na hatia ya juri inafunguliwa kwa kupewa shujaa wa Kizungu wa kujinasibisha naye, na wajumbe 12 wa juri wanaweza kurudi nyumbani wakiwa Atticus.

Walter McMillian

Suala hili lingebaki la kinadharia kama si kesi ya Walter McMillian. Alikuwa Mweusi, mkata miti, mkazi wa Kaunti ya Monroe. Alikamatwa mwaka 1987 kwa tuhuma za kumwua msichana wa Kizungu aliyekuwa karani wa duka la dobi mjini Monroeville mwaka uliotangulia. Jamaa na majirani wengi walieleza kwamba saa ya mauaji alikuwa nao nyumbani, ambako samaki walikuwa wakikaangwa na kuuzwa kuchangia kanisa. Aliwekwa miongoni mwa waliohukumiwa kifo hata kabla ya kesi yake kusikilizwa. Kesi ilihamishiwa Kaunti ya Baldwin, kwenye Weusi wachache zaidi, ikasikilizwa kwa muda usiozidi siku mbili mwezi Agosti 1988 mbele ya juri ya Wazungu 11 na Mweusi mmoja. Juri ilimwona ana hatia na ikapendekeza kifungo cha maisha. Jaji aliliweka kando pendekezo hilo akamhukumu kifo, kama sheria ya Alabama ilivyomruhusu hadi ilipobadilishwa mwaka 2017. Mapema mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya jimbo ilibatilisha hukumu kwa kuwa upande wa mashtaka ulificha ushahidi wa kumtetea, naye akaachiwa huru mwezi Machi. Wakili wake, Bryan Stevenson, ameieleza kesi hiyo katika Just Mercy, kitabu cha mwaka 2014, na hakuacha kuonyesha kinaya cha mji unaojivunia hadithi ya Atticus.

Tuziweke tarehe hizo kando ya historia ya onyesho. Wakazi wa Monroeville walipoanza kumtetea Tom Robinson mwaka 1990, McMillian alikuwa katika gereza la Holman, kusini mwa mji huo, akisubiri kuuawa. Misimu ya mwanzo ya tamthiliya ilipita yeye akiwa huko.

Sidai kwamba waigizaji walikuwa wanafiki. Mtu anayeigiza jioni baada ya kazi hawajibiki kwa matendo ya mwendesha mashtaka. Hoja ni ya kisanaa: matini haikuwapa nyenzo za kulitambua jambo lililokuwa mbele yao. Katika Maycomb ya Sergel, jaji ni mwema, mkuu wa polisi ni mwema, wakili aliyeteuliwa na mahakama ni bora kuliko wote, na uovu upo kwa mzungu maskini anayesingizia na kwa juri ya wakulima wanaomwogopa jirani. Katika kesi ya McMillian mpangilio ulikuwa umepinduliwa. Juri ilimtia hatiani, ni kweli, lakini iliyakataa mauti yake. Waliotaka afe na waliouficha ukweli walikuwa wenye ofisi. Hadhira iliyofunzwa na tamthiliya hii kumtafuta Bob Ewell isingemkuta. Kwa hiyo kuondolewa kwa Shangazi Alexandra na wageni wake wa chai, jambo ambalo mhariri angeliita la ufupisho tu, kulikuwa na matokeo ya kiitikadi: kuliwaondoa jukwaani watu wa tabaka ambalo lingepaswa kujiona.

Kwa upande mwingine si haki kuupuuza ushuhuda wa desturi yenyewe. Kikundi hicho kimewakutanisha Weusi na Wazungu wa mji mmoja katika mazoezi ya wiki nyingi, katika eneo ambalo shule zake zilitengwa kwa rangi katika maisha ya wengi wao. Kimeisafirisha tamthiliya hadi Israeli na Uingereza. Mwandishi Mweusi Albert Murray, naye mzaliwa wa Alabama, aliliona onyesho kuwa ibada ya mji na elimu ya uraia, sura ya kile ambacho Monroeville inatamani kuwa. Neno "inatamani" ni la kuzingatiwa. Ibada huendelea vizuri bila ya matamanio kutimizwa.

Nani anayamiliki maneno

Kwa nini basi wakazi hawakuiongeza kesi ya McMillian, au angalau kumrudisha Lula kanisani kwake? Jibu la kwanza ni la kisheria. Kikundi kinachoigiza tamthiliya yenye hakimiliki hukodi haki ya kuitoa jukwaani kama ilivyoandikwa, na sharti la kawaida la leseni hizo ni kutobadilisha matini bila idhini. Mji unalo jengo, unao waigizaji, na historia ni yake. Maneno si yake.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika miaka ya mwisho ya Lee na baada ya kifo chake mwezi Februari 2016. Mwaka 2013 Lee aliishtaki makumbusho inayoitunza mahakama hiyo kwa matumizi ya jina lake na la riwaya yake katika biashara. Mwaka 2015 ulipozuka mgogoro kuhusu leseni ya onyesho, liliundwa shirika jipya lisilo la faida la kuitoa tamthiliya hiyo Monroeville kuanzia mwaka 2016. Mwaka 2015 ndipo pia ilipochapishwa Go Set a Watchman, ambamo Atticus mzee anahudhuria mkutano wa watetezi wa ubaguzi. Atticus wa mahakama ya Monroeville hakubadilika hata kidogo. Hakuwa na njia ya kubadilika.

Kisha ikaja Broadway. Mwezi Desemba 2018 uhawilishaji mpya wa Aaron Sorkin, ukiongozwa na Bartlett Sher, ulifunguliwa New York. Sorkin alifanya yale ambayo Sergel hakuyafanya: Calpurnia anabishana na Atticus, Tom anapewa sauti zaidi, na nafasi za watoto zinaigizwa na watu wazima, jambo linaloirudisha kwa kiasi ile kejeli ya kumbukumbu. Ni tamthiliya bora. Lakini mapema mwaka 2019 mawakili wa mtayarishaji wake waliviandikia vikundi vidogo mbalimbali vilivyokuwa vimelipia matini ya Sergel, wakivitisha kwa mashtaka, kwa hoja kwamba mkataba ambao Lee aliufunga mwaka 1969 uliiwekea mipaka matini hiyo, ikiwamo kuizuia karibu na miji mikubwa wakati toleo la Broadway likiendelea. Vikundi kadhaa vilivunja maonyesho yao vikiwa tayari katika mazoezi. Baada ya lawama nyingi mtayarishaji alivipa vikundi hivyo ruhusa ya kuigiza matini ya Sorkin. Yaani tamthiliya inayomsifu wakili anayemtetea mnyonge ilitumiwa na mawakili kuwatisha walimu na wastaafu wenye jukwaa la mtaani. Mabishano kati ya wachapishaji wa Sergel na warithi wa Lee yaliendelea mahakamani kwa miaka kadhaa baadaye.

Hapa mlinganisho na Kamĩrĩĩthũ, Limuru, unafaa, ingawa mazingira ni tofauti. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ haikutokana na riwaya, lakini ilifika kwa wanakijiji ikiwa rasimu, nao wakaisahihisha: lugha ya wazee isiyosemwa na wazee, maelezo ya kazi za viwandani yaliyokosewa, nyimbo ambazo walizijua vizuri zaidi kuliko waandishi. Ilianza kuigizwa tarehe 2 Oktoba 1977 katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe, na katikati ya Novemba kibali chake kikafutwa. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi huo.

Monroeville ukumbi umehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Viti vya juri vimesafishwa, roshani imeimarishwa, wageni huandikisha majina mlangoni. Matini ambayo wajumbe 12 huletwa kuitimiza bado ni ile ya mwaka 1970, na katika chumba hicho hakuna mwigizaji aliyepewa ruhusa ya kulitamka jina la Walter McMillian.